Jiko la Jua Nyumbani kwa Mama

Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake. Nalitanguliza hili kwa sababu siku hizi nawaona vijana wanakula sahani moja na mama wa mke, wanataniana, wanapigiana simu, nami nabaki mdomo wazi. Sisi Wanyamwezi wa zamani, mwanamume akimwona mama mkwe anakuja, anaiacha njia na kuingia porini. Mama naye anachuchumaa, anageuza mgongo na kujifunika kanga mpaka mkwe apite. Si chuki, jamani. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote. Wakiwa na la kuambiana, wanamtumia mtu wa katikati, na kwetu mtu huyo nilikuwa mimi.

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya serikali pale Tabora mjini. Tulikaa Ipuli, chumba na ukumbi, na redio ndiyo iliyokuwa mali yetu ya maana. Miaka ile redio ilisema jioni baada ya jioni kwamba mafuta yamepanda bei huko duniani, misitu inakwisha, na taifa lazima lijitegemee hata kwa nishati. Mume wangu alisikiliza akiwa ameacha kula. Nikimwambia ugali unapoa, ananinyamazisha kwa mkono.

Basi akabuni jiko la jua. Wazo hakulitoa hewani. Karakana yao ilikuwa imeletewa michoro, wakaambiwa watengeneze la kwao kwa vifaa vilivyopo. Alikunja bati likawa kama ungo mkubwa, ndani akabandika vipande vya vioo, katikati akaweka chuma cha kukalishia sufuria. Vioo alivinunua kwa Mwarabu mmoja karibu na soko, mzee wa Tabora wa miaka mingi, naye akamuuliza, "Mwanangu, unafungua kibanda cha kinyozi?" Mume wangu alicheka mpaka nyumbani. Alikuwa na furaha siku zile, na mimi nilikuwa na fahari, sitaficha. Tulilijaribu uani, maji yakachemka bila ukuni hata mmoja. Majirani wa Ipuli walisimama ukutani wakashangilia.

Wakubwa wake wakasema: haya, sasa lipelekwe kijijini, likae kwa mtu wa kawaida kiangazi kizima, kisha waje wageni kutoka mkoani waone. Mume wangu akachagua kijiji chetu upande wa Urambo, akachagua na nyumba. Alichagua kwa mama yangu.

"Kwa mama?" nikamuuliza. "Utamfundishaje mtu usiyeweza kumtazama?"

"Wewe upo," akasema. "Halafu mama hatanikatalia."

Hapo alisema kweli. Mama mkwe hamkatalii mkwe.

Mama alikuwa mjane. Tulipohamishiwa kijijini wakati wa vijiji vya ujamaa, lori lilipokuja kuchukua watu, wenzake walipakia vitanda na milango. Yeye alipanda amepakata mahindi ya mbegu mapajani, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, na hakukubali mtu amshikie. Ilikuwa mbegu nyeupe, ya kwao toka kwa bibi yake, inayovumilia jua. Kwenye nyumba mpya aliyopewa, katika mstari ule ulionyooka kando ya njia ya zamani ya misafara, kitu cha kwanza alichofanya ni kujenga jiko la nyasi nyuma, na kitu cha pili ni kuyatundika mahindi yale kwenye mti uliolazwa juu ya mafiga. Pale moshi uliyafukiza mchana na jioni mpaka yakawa meusi ti, na fukusi, mdudu yule mtoboa punje, hakuthubutu kuyasogelea. Mvua zikikaribia, wanawake wa kijiji walikuja na bakuli. Mama aliwapimia. Hakuuza hata siku moja. Kijijini hawakumwita kwa jina la mtoto wake, walimwita Mwenye Mbegu. Hakuwa na kingine, masikini, lakini hicho kilimtosha kutembea kichwa juu.

Tukaenda na treni, jiko limefungwa kwenye gunia, abiria wanauliza kama ni dishi la kupokea habari za kijeshi. Kijijini mume wangu alilisimamisha uwanjani mbele ya nyumba, mahali penye jua la kutwa, kisha akaenda kusimama nyuma ya kona ya ukuta. Mama alikaa upande wa pili, kanga imemfika puani. Mimi nikasimama katikati.

"Mwambie mama ageuze vioo kulifuata jua," sauti ikasema toka konani.

"Mayo, geuza vioo kulifuata jua."

"Mwambie nimesikia," mama akasema, mtu aliyesikia mara mbili.

"Amesikia."

Watu walijaa. Jirani yetu mmoja alikuwa Msukuma, mtani wetu, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika. Akainama mbele ya vioo akajitengeneza kilemba. "Loo! Mwenzetu sasa anapika kwenye kabati la vioo! Mlenda ukichemka utajiona ulivyo mbaya!" Watu wakavunjika mbavu. Hata mama alicheka ndani ya kanga, nilimwona mabega.

Ndipo mume wangu akatoa lile neno. Alitaka jaribio liwe la haki, wageni wasije wakasema kule nyuma palikuwa na kuni. "Mwambie mama," akasema, "asiwashe moto kabisa. Hata wa kuota. Mpaka nitakapotoa neno."

Nikamwambia. Tena nilisema kwa sauti ya kutosha wote wasikie, kwa sababu ni mume wangu aliyesema, na ni mume wangu serikali imemtuma.

Mama akaitengeneza kanga yake. Halafu akasema, "Mwambie neno lake nimelishika."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mjinga wa moshi. Mimi nimekulia chini ya mahindi yale, masizi yakinidondokea kichwani. Mume wangu naye ni mtoto wa kwao Itetemia, mama yake alitundika vilevile. Na mama, je, nimfundishe mama? Lakini mume wangu alifikiri, kama alivyokuja kuniambia baadaye, kwamba mambo ya ndani ya jiko la mama mkwe si yake kuyataja. Lazima mama ataona mwenyewe cha kufanya. Mama alifikiri mkwe ni mtu wa serikali, amesoma, kama ameuzuia moto basi la mbegu amelipima. Na kumuuliza ingekuwa ni kumwambia hadharani kwamba amesahau. Hilo mama mkwe hafanyi. Mimi je? Mimi sikufikiri kitu. Nilikuwa nafurahia kutazamwa.

Tulirudi Tabora, na kila mwezi mume wangu alinituma kwenda kuangalia. Nilimkuta mama uwanjani, uso umeungua kwa mwako wa vioo, anageuza, anasubiri, anageuza. Makande yaliiva. Viazi viliiva. Ugali ndio ulikuwa vita, maana ukisonga sufuria inacheza na chuma kinapinda, basi akaacha kula ugali. Mnyamwezi kuacha ugali! Chakula cha jioni alikipika alasiri, akakifunika kwa mablanketi ndani ya kapu. Na yote hayo aliyafanya mbele za watu, mama aliyezoea jiko la nyuma. Zamani kama hakuna mboga ni siri yake na chungu chake. Sasa kila apitaye njiani anatupia jicho. Mwaka ule mvua zilikuwa zimetunyima, mavuno yalikuwa haba, tunakula unga wa njano wa msaada. Kijiji kizima kikajua kwamba kwa Mwenye Mbegu leo ni mlenda bila karanga, jana mlenda bila karanga.

Mtani wetu alimwonea huruma. "Washa hata kijiti kimoja, mwenzangu," alimwambia mbele yangu. "Nani atamwambia?"

"Nitamtazama mkwe wangu kwa uso gani?"

"Ala! Kwani sasa unamtazama?"

Tukacheka wote watatu. Tulicheka sana. Kitu kingine nilichokiona siku ile, nikakipita tu, ni kwamba juu ya paa la jiko la mama hapakuwa na moshi, na ng'ambo ya kijiji mabani ya tumbaku yalikuwa yakifuka kutwa. Mabani yale, yaani nyumba za kukaushia tumbaku kwa moto, yalikula magogo ya lori zima. Miti yote ya karibu iliishia humo, ndiyo maana wanawake walikuwa wakitembea mbali kutafuta kuni. Lakini hakuna aliyeyapelekea mabani kioo. Tumbaku ilileta fedha za kigeni, mama yangu alileta nini? Basi ukazimwa moto wa mama. Nikiikumbuka hesabu hiyo hasira inanipanda mpaka leo, na aibu inafuata nyuma, kwa sababu mzimaji alitoka nyumbani kwangu.

Siku ya wageni ikafika, kiangazi kinakatika, mawingu yameanza kujikusanya. Gari la serikali lilikuja na vumbi lake. Walishuka watu wa mkoani, mkubwa wao mwanamume mnene mchangamfu, suti ya mikono mifupi, kalamu mfukoni. Viti vilitolewa shuleni. Watoto waliimba. Mume wangu alieleza jiko lake vizuri, alikuwa amenyoa, shati nimelipiga pasi mwenyewe. Sufuria ikafunuliwa, viazi vimeiva, mvuke huo. Makofi. Mama alikuwa kando na wanawake wenzake, amewapa mgongo wanaume, na nilimwona anavyonyoosha shingo kusikiliza sifa za mkwe wake.

Yule mkubwa akasimama. "Ndugu zangu, mimi mtu wa kuona kwa macho. Hilo jiko la zamani liko wapi? Tukahakikishe kama kweli limepoa."

Mume wangu hakuweza kwenda naye, jiko la mama mkwe haliingii. Niliwapeleka mimi. Mkubwa akainama akaingia, akachota jivu la mafigani kwa vidole, akalipuliza. "Baridi!" akapaza sauti kwa walioko nje. "Baridi kabisa, ndugu zangu! Huu ndio ushindi!" Na kwa furaha yake akanyanyuka wima.

Kichwa kikagonga mti wa mbegu.

Sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kama mchanga unaomwagwa. Yakaanza mahindi ya kwanza, kisha mti mzima ukamwaga, unga, unga mtupu, vumbi jeupe na fukusi wakitembea ndani yake, vikamjaa mkubwa wa watu kichwani, mabegani, mfukoni penye kalamu. Magunzi yakabaki yananing'inia yametobolewa tobo tobo. Akatoka nje mweupe kama aliyetoka mashineni kusaga. Watoto wakaangua kicheko. Wanaume wakacheka. Hata wageni wenzake waliziba midomo.

Wanawake hawakucheka. Kina mama wote walioketi pale walikuwa wamekula mbegu ile, na walikuwa wakiingoja wiki chache zijazo. Mtani wetu, yeye mwenye utani hata matangani, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha wote wakamgeukia mama.

Mama alisimama. Alikwenda jikoni, akatoka na hindi moja, akalifikicha mkononi. Likamwagika. Uso wake sikuuona kwa kanga, nashukuru Mungu sikuuona. Alikuja akasimama hatua chache kutoka alipokuwa mume wangu, akampa mgongo kama desturi, na akasema nami, si kwa ukali:

"Mwambie mkwe wangu: moto niliuzima siku ile aliyosema. Sikuuwasha tena."

Mume wangu alisikia. Kijiji kilisikia. Mkubwa naye alisikia, akawa anajipangusa na leso huku anatazama viatu vyake. Lakini neno la mama mkwe halijafika mpaka lifikishwe. Wote walinigeukia wakaningoja. Nikamtazama mume wangu, machoni, nikaanza, "Mama anasema moto…" Sauti ikakatika. Nikaanza tena. Nilimaliza nikilia, watu wote wananitazama, na yeye akaitikia kwa kichwa tu.

Wageni hawakukaa kula. Mkubwa alitoa hotuba fupi, akasema majaribio yoyote yana changamoto ndogo ndogo, akapanda gari. Mume wangu akaondoka nao, alikuwa hana jinsi, ndio waliomleta. Nilibaki na mama tukichekecha ule unga, tukitafuta punje. Tulipata kama konzi mbili. Mama alizigeuza moja moja kwenye mwanga. Zote fukusi amekula kiini. "Acha, mwanangu," akasema. "Hazioti." Kesho yake nilipanda treni, na niliipanda mbio, niseme kweli, nilikuwa nakimbia uso wa mama.

Ipuli hatukulizungumza. Mume wangu alipongezwa kazini, jiko limefaa, litatengenezwa mengine. Alikuja na habari hiyo akaisema mlangoni, kisha akavua viatu akaenda kulala, jua halijazama. Redio ikiimba nishati na kujitegemea, alinyanyuka akaizima. Kila nikitaka kusema, "Twende kwa mama," naona aibu kwa niaba yake, naye nadhani aliona aibu kwa niaba yangu, basi tukawa watu wawili wanaopishana kwenye chumba. Mwezi ukaisha. Mvua zikaanza, za nguvu, kama kwamba zilikuwa zikidaiwa. Nikanunua mbegu dukani, nikanunua unga, nikaenda peke yangu.

Mtani wetu alinipokea njiani kabla sijafika. Safari hii hakutania. Aliniambia mama amepita nyumba kwa nyumba na bakuli, akiomba mbegu. Mama! Kwa wale wale aliowapimia. Wengine hawakuwa nayo kabisa, maana walimtegemea yeye. Binti mmoja wa nyumba ya mwisho, aliyeolewa juzi tu, alikuwa amebakiza mahindi machache, akampa. Mama akampigia magoti kushukuru, kwenye tope, mzee kwa mtoto.

"Na sasa kamkanye mama yako," mtani akasema. "Sisi ametushinda."

Sikumwelewa mpaka nilipofika. Mawingu yalikuwa yameziba mbingu tangu wiki iliyopita. Lile jiko la jua lilisimama uwanjani limejaa maji ya mvua, chura ndani. Mama alikuwa kizingitini, amejifunika blanketi, amekonda, mbele yake bakuli la unga wa njano uliokorogwa kwa maji baridi. Nyuma, jiko la nyasi lilikuwa limenywea kwa mvua. Ile mbegu ya kuombwa, iliyobaki baada ya kupanda, ameitundika mle. Niliingiza mkono mafigani. Jivu lilikuwa tope.

"Mayo! Unakula unga mbichi?"

"Jua halijatoka."

"Si uwashe moto! Wageni walishakuja, wameondoka zamani!"

Akanitazama, na hakuwa na hasira hata chembe, ndilo linaloniuma. "Mkwe alisema mpaka atoe neno. Hajatoa."

Ndipo nikaelewa. Sisi kule Ipuli tumejifungia na aibu yetu, tunazimiana redio, na huku mama anangoja neno moja tu. Amelingoja katika mvua, na majirani wamemsihi wakachoka. Angeuwasha mwenyewe, basi siku ile ya fedheha ingekuwa ya bure. Angekuwa amepoteza mbegu na utii pia. Utii ndio uliokuwa umebaki, akaushikilia kama alivyoyapakata mahindi kwenye lori. Nikataka kumkaripia, nikaona sina ulimi wa kumkaripia nao.

"Amelitoa," nikasema. "Ndilo lililonileta. Amesema uwashe."

Uongo mtupu. Mume wangu hakuwa amesema neno. Mama akanikazia macho kwa muda, kisha akainuka bila kuuliza, akachukua kigae, akatoka mvuani kwenda kwa mtani kuomba kaa la moto. Alirudi amelikinga kwa kiganja. Tulipuliza wote wawili mpaka moshi ukatujaa machoni, na mama akapika ugali, akala mbele yangu, tonge baada ya tonge.

Nilipokuwa naondoka akanisindikiza mpaka penye njia.

"Mwambie mkwe nimeshukuru," akasema.

Nilimfikishia jioni ile ile, yuko mezani. "Mama anasema ameshukuru." Mume wangu aliweka tonge chini, akainamisha kichwa. Hakuniuliza ameshukuru nini.